Mafuta ya mchaichai na mujaaja: kinga ya mbu kabla ya kuingia ndani ya chandarua

Hapa Bombo, Uganda, adhana ya magharibi ikishapita, ni nyumba chache zinazofunga milango. Sigiri iko uani, posho haijaiva, watoto wako barazani na madaftari yao, wazee wamekaa mkekani wakingoja isha. Chandarua kimefungwa fundo juu ya kitanda na hakitafunguliwa mpaka saa tatu au saa nne. Mwongozo huu ni wa hizo saa. Ndizo saa ambazo mafuta ya majani yanafaa, na ndizo saa ambazo familia nyingi hazina kinga yoyote.

Naanza na hilo kwa sababu nasikia majirani wakiambiana kwamba ukipanda mchaichai mlangoni, chandarua unaweza kukigawa. Tafadhali usikigawe. Mbu wa malaria wa kwetu, Anopheles gambiae na mwenzake Anopheles funestus, huuma zaidi usiku mkubwa kuelekea alfajiri, wakati mafuta uliyopaka jioni yameshapotea ngozini zamani. Vipimo vilivyofanywa Apac mwanzoni mwa miaka ya 2000 vilionyesha kwamba mtu mmoja angeweza kuumwa na mbu wenye vimelea vya malaria zaidi ya mara 1,500 kwa mwaka. Tororo ilikuwa zaidi ya mara 500. Jinja, mara sita tu. Idadi kama ya Apac haizuiliwi na kikopo cha mafuta. Nimewahi kukesha wodini na mtoto wa dada yangu akiongezewa damu kwa sababu ya malaria, na sitaki mzazi yeyote afike pale kwa kuwa alidhani majani yanatosha.

Lakini ukiviweka pamoja, mafuta jioni na chandarua usiku, unapata kitu. Utafiti uliofanyika Bolivia na kuchapishwa mwaka 2007 uliwapa watu wote vyandarua vyenye dawa, kisha nusu yao wakapewa dawa ya kupaka inayotokana na mkaratusi wa limau. Waliopaka walipata malaria ya aina ya vivax pungufu kwa asilimia 80 kuliko wasiopaka. Mbu wa kule huuma mapema jioni kuliko wetu, na malaria yetu kubwa ni ya aina nyingine, falciparum, kwa hiyo usitarajie namba ileile hapa. Mpango wenyewe ndio wa kuiga.

Majani gani

Mchaichai ndio wa kwanza. Waganda huuita kisubi, na pengine umeshaupanda kwa ajili ya chai. Harufu yake ya limau inatokana na kemikali iitwayo sitrali. Una ndugu yake anayefanana naye sana, sitronela, ambaye chini ya mashina yake ana wekundu na ukimtia kwenye chai, chai hainyweki. Kwa kufukuza mbu, sitronela ana nguvu zaidi. Ukimpata, mtumie, usipompata, mchaichai wa chai utafanya kazi.

Wa pili ni mujaaja, ambao Waswahili wa pwani huuita kivumbasi. Ni mmea wa jamii ya mrehani, mrefu kufika kifuani, na majani yake yakisuguliwa hunukia kama karafuu. Huo unaota hadi kando ya barabara, lakini usichume ule wa barabarani uliojaa vumbi na moshi wa magari.

Mkaratusi unahitaji jicho. Ile kalitunsi iliyopandwa kila mahali kwa ajili ya nguzo na kuni siyo tunayoitaka. Tunautaka ule ambao jani lake ukilikunja linatoa harufu ya limau kali, si ya dawa ya kifua. Majani yake makavu ni mazuri sana juu ya sigiri, kama nitakavyoeleza mbele. Ile dawa ya Bolivia inatokana na mti huu, ila imesafishwa kiwandani mpaka kiini chake, kinachoitwa PMD, kikawa kingi. Mafuta utakayopika nyumbani kwa majani yake hayafikii nguvu hiyo, na mtu akikuuzia chupa akisema ni kitu kilekile, usikubali mpaka uone neno PMD kwenye lebo.

Mwarobaini nautumia kidogo. Mafuta ya mbegu zake hufukuza mbu kweli, lakini yananuka kiasi kwamba watoto hukimbia kupakwa, na mtoto mdogo akiyameza yanaweza kumdhuru vibaya hadi kupata degedege. Nikiwa na mbegu huzisaga na kuzitia kwenye madimbwi yasiyo na samaki wala maji ya kunywa, kwa sababu zina kiini kinachozuia viluwiluwi vya mbu kukua. Mashimo ya matofali nyuma ya nyumba yanafaa sana kwa kazi hiyo, ingawa kuyafukia ni bora zaidi.

Kayukiyuki, lile ua la rangi nyingi linalofanya ua wa nyumba, liache libaki uzio tu. Lina sumu kwa ng'ombe, na sioni sababu ya kulipaka mwilini wakati mchaichai upo.

Jambo moja kuhusu kupanda: mmea ukisimama tu mlangoni hutoa harufu kidogo sana. Mafuta yake yamefungwa ndani ya vifuko vidogo kwenye jani, na hayatoki kwa wingi mpaka jani lisuguliwe, lipashwe moto au likamuliwe. Panda karibu na nyumba ili uchume kwa urahisi, si kwa kutegemea mmea ukulinde wenyewe.

Kuvuna na kukausha

Chuma asubuhi, umande ukishakauka na jua halijawa kali. Jua la mchana huifukuza harufu kabla wewe hujaipata. Mchaichai ukate karibu na ardhi, uoshe, uukung'ute maji, kisha uukate vipande vya urefu wa kidole. Mujaaja chuma majani na vichwa vya maua, acha mashina magumu.

Tandaza kivulini, juu ya mkeka au ungo, mahali penye upepo. Siku nne au tano zinatosha wakati wa kiangazi. Wakati wa mvua ongeza, na ugeuze kila siku. Jani limekauka likivunjika badala ya kukunjika. Usiharakishe hapa. Maji yakibaki ndani ya jani yataingia kwenye mafuta, na mafuta yenye maji huota ukungu na kunuka ndani ya wiki mbili. Nimemwaga nusu lita nzima kwa kosa hilo, na mafuta ya alizeti si bei rahisi.

Kupika

Utahitaji mafuta ya alizeti nusu lita, majani makavu gramu 80 (nusu mchaichai, nusu mujaaja), nta ya nyuki gramu 70, na kama unaweza kuipata, siagi ya mti wa shea gramu 100, ile Waacholi huiita moo yaa. Ukikosa moo yaa, weka mafuta ya kawaida ya mgando ya kupaka mwilini. Kama huna mizani, muombe muuza duka akupimie.

Moo yaa na nta si mapambo. Udhaifu mkubwa wa mafuta ya majani ni kwamba yanaruka haraka: kile kinachomfanya mbu ayakimbie ni uvukizi wake, na uvukizi huohuo unayamaliza. Ukiyachanganya na kitu kizito kinachoshika ngozi, yanatoka polepole. Mafuta mepesi ya kunyunyiza yanaweza kukuishia kabla hujamaliza kula; haya mazito yanajitahidi zaidi.

Gawanya majani mafungu mawili ya gramu 40. Twanga fungu la kwanza kidogo kwenye kinu, lisiwe unga, lipasuke tu. Chukua sufuria kubwa, tia maji yafike robo, weka juu ya sigiri yenye makaa machache. Ndani yake weka sufuria ndogo iliyokauka kabisa, mimina mafuta ya alizeti, tia majani, funika. Maji ya nje yachemke taratibu kwa saa mbili. Usipike mafuta moja kwa moja juu ya makaa: yatakaanga majani, na majani yaliyogeuka kahawia yanatoa harufu ya kuungua tu. Kila ukifunua, panguza matone ya kifuniko kwa kitambaa ili yasidondokee ndani. Na usiondoke. Mafuta ya moto na watoto wanaokimbia uani ni hatari kuliko mbu.

Chuja kwa kitambaa cha pamba kilichofuliwa na kukauka, kamua kwa nguvu. Rudisha mafuta kwenye sufuria ndogo, tia fungu la pili, rudia saa mbili nyingine. Hatua hii ya pili wengi huiruka, nao ndio wanaolalamika baadaye kwamba mafuta hayana nguvu. Ukichuja mara ya pili utabaki na kama mililita 400, ya rangi ya kijani iliyokolea, yenye harufu inayojaza jikoni.

Sasa yeyusha nta ndani ya mafuta hayo, bado juu ya maji yanayochemka. Ikishayeyuka yote, epua, tia moo yaa, koroga mpaka ipotee. Dondosha tone kwenye kisahani baridi, subiri dakika mbili, liguse. Likiwa maji, ongeza nta kidogo. Likiwa gumu kama mshumaa, ongeza mafuta. Linatakiwa liwe laini la kupakika kwa kidole hata asubuhi ya baridi. Mimina kwenye vikopo vikavu vyenye vifuniko na uache vipoe bila kufunikwa, mvuke usije ukageuka maji ndani.

Andika tarehe kwenye kila kikopo, na andika kwamba si chakula. Weka mahali penye giza, mbali na mikono ya watoto. Miezi mitatu ndiyo mwisho wangu; yakianza kunuka kama mafuta ya mandazi ya wiki iliyopita, yatupe.

Mafuta makali ya chupa

Maduka ya Kampala yanauza mafuta yaliyokamuliwa kwa mvuke, ya sitronela au mchaichai, katika vichupa vidogo. Ni makali mara nyingi kuliko yale tuliyopika. Mara ya kwanza niliyanunua kwenye duka moja mjini, muuzaji akaniambia nipake hivyohivyo. Kufika asubuhi kifundo cha mguu kilikuwa kimetoka malengelenge, na kovu lipo mpaka leo. Hayapakwi bila kuchanganywa, hata kidogo. Kwa mtu mzima, kijiko kimoja cha chai cha mafuta ya sitronela kinatosha mililita 100 za marhamu yetu, na uyatie marhamu ikiwa vuguvugu, si ya moto, la sivyo yataruka yote hewani. Mafuta ya mchaichai yanachoma ngozi zaidi: matone 12 kwa mililita 100, usizidishe.

Kabla ya kununua, omba kudondosha tone moja kwenye karatasi nyeupe. Mafuta halisi ya mvuke yatakauka ndani ya saa chache bila kuacha doa la mafuta. Likibaki doa linalong'aa kama la sambusa, umeuziwa mafuta ya kula yenye harufu.

Kupaka

Kwanza jaribu ngozi. Paka kidogo ndani ya kiwiko, ngoja mpaka kesho saa ileile. Ukiona wekundu, vipele au mwasho, mafuta haya si yako, na hakuna aibu kurudi kwenye soksi na shuka.

Kisha elewa mbu anakuja wapi. Anakufuata kwa pumzi unayotoa, joto lako na harufu ya jasho lako, lakini Anopheles gambiae akifika huruka chini, karibu na ardhi. Mtu aliyeketi kwenye kiti huumwa zaidi miguuni, kuanzia magoti kwenda chini. Watafiti walipowalaza watu sakafuni na kuwainulia miguu juu, mbu hawakuifuata miguu. Waliuma sehemu iliyokuwa karibu na sakafu. Ndiyo maana naumia kuona mama amejipaka shingo na mikono vizuri huku vifundo vya miguu viko wazi. Anza na nyayo kwa juu, vifundo, muundi mpaka goti. Mikono ifuate. Shingo na masikio mwisho. Kama mmekaa mkekani, paka pia kiuno na mapaja yanayokaribia ardhi, au vaa nguo ndefu nene.

Paka tabaka linaloonekana, lisiache nafasi, kwa sababu mbu atatua pale ulipopasahau, hata kama ni upana wa sarafu. Usipake kwenye jeraha, karibu na macho wala mdomoni.

Kwa sisi tunaoswali, panga saa zako. Nta hufanya utando juu ya ngozi na maji ya udhu hayafiki chini yake. Tawadha magharibi, swali, ndipo upake. Kama utaweza kukaa na udhu huo mpaka isha, vizuri. Ukitengukiwa, osha miguu na mikono kwa sabuni, tawadha, swali, halafu paka upya. Na kwa kweli kufikia isha utahitaji kupaka upya hata hivyo.

Muda wake? Usitegemee zaidi ya saa moja mpaka saa moja na nusu, na pungufu ukitoka jasho jikoni. Tafuta muda wako mwenyewe: tazama saa unapopaka, kisha tazama tena unapoona mbu wa kwanza anatua mguuni bila kusita. Mfukuze kabla hajauma. Punguza robo saa kwenye muda huo, na hapo ndipo utakapokuwa unarudia kupaka kila jioni.

Watoto na wajawazito

Mtoto wa chini ya miezi sita asipakwe chochote. Mfunike kwa chandarua cha kitoto hata anapolala mchana, maana kuna mbu wa mchana pia, Aedes, jamii ya wale wanaoeneza virusi vya Zika vilivyogunduliwa mwaka 1947 kwenye msitu wa Zika karibu na Entebbe. Chini ya miaka mitatu, usitumie kitu chochote cha mkaratusi wa limau wala PMD. Wakubwa kidogo, wapake wewe kwa mkono wako, miguuni tu, usiwapake viganja, kwa sababu vinaishia mdomoni.

Mjamzito huwavutia mbu kuliko mwanamke mwingine, kwa hiyo anahitaji kinga zaidi, si mafuta makali zaidi. Apake marhamu ya kupika tu, asitumie ya chupa, na akahudhurie kliniki apewe chandarua na dawa yake ya kuzuia malaria. Na mtoto yeyote akipata homa, mpeleke kwa mhudumu wa VHT (timu ya afya ya kijiji) au kituo cha afya apimwe siku hiyohiyo, hata kama umempaka kila jioni bila kukosa. Watoto wanaostahili chanjo ya malaria, iliyozinduliwa Apac Aprili 2025, wapelekwe na dozi zote zikamilike.

Majani juu ya sigiri

Mazoea yetu ni kutupa majani mabichi kwenye moto na kukaa ndani ya moshi tukikohoa. Kuna njia nzuri zaidi, na watafiti magharibi ya Kenya waliipima: ukiyapasha majani moto juu ya bamba la chuma bila kuyaunguza, yanafukuza mbu kuliko yakichomwa. Moto huharibu kile tunachokitaka, wakati joto la wastani linakitoa kikiwa kizima. Mkaratusi wa limau ulifanya vizuri kuliko yote, na jamii za mujaaja zikafuata.

Baada ya chakula kuiva, makaa yakiwa yamefifia na kufunikwa na majivu, weka bamba la chuma au kifuniko cha zamani cha sufuria juu ya sigiri. Tandaza konzi mbili za majani makavu. Yanatakiwa yanukie bila kutoa moshi wa kuonekana. Yakianza kufuka, inua bamba au ongeza majivu. Badilisha majani harufu ikipungua, kama kila nusu saa hivi. Weka sigiri upande upepo unakotokea, ili harufu ipite kati ya watu ikienda.

Yote haya ni ya uani au barazani. Usiingize sigiri kwenye chumba cha kulala, hata makaa yakionekana yamezima, hata mlango ukiwa wazi kidogo. Hewa ya makaa haina harufu na huua watu usingizini. Makapi ya majani yaliyokamuliwa kwenye mafuta nayo usiyaweke kwenye bamba, kwani yatashika moto. Yafukie shambani, chini ya migomba.

Wageni wakiondoka, zima makaa kwa maji, fungua fundo la chandarua, chomeka pindo chini ya godoro pande zote nne, ukague kwa tochi kama hakuna mbu aliyeingia kabla yako.